Maswali ya Wasomaji: Kupata Marafiki Mkiwa Wawili Ughaibuni

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanandoa waliohamia nchi za watu kwa ajili ya kazi ya mmoja wao. Ndefu tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

SWALI: Wahariri, salaam. Tuna miezi saba huku, tumekuja kwa mkataba wa mume wangu. Hafla tunaalikwa, simu zimejaa namba za watu, lakini Jumamosi ikifika hatuna wa kumpigia. Tunakosea wapi?
*Mke wa mhandisi*

JIBU: Dada, kutoka mnatoka, ila kila mnapotoka mnakutana na watu wapya, na urafiki unataka walewale. Unataka saa nyingi pia. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, aliwauliza watu wazima waliokuwa wamehama makazi karibuni juu ya watu waliofahamiana nao baada ya kuhama. Makadirio aliyoyapata ni haya: saa 50 hivi za kuwa pamoja ili kutoka kujuana juu juu hadi urafiki wa kawaida, saa 90 hivi hadi urafiki hasa, na zaidi ya 200 kwa rafiki wa karibu. Saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito huo. Ndiyo maana mumeo anaweza kushinda na wenzake ofisini mwaka mzima asipate hata mmoja wa kumgongea mlango.

Sasa piga hesabu. Hafla ya saa mbili yenye watu 40 inakupa dakika tatu kwa kila mtu, tena mmesimama na glasi mkononi. Mkikutana na watu walewale saa mbili kila wiki, saa 50 zinatimia baada ya wiki 25. Saa 200 kwa mwendo huo ni karibu miaka miwili, na kwa wengi mkataba wenyewe ni miaka miwili. Kwa hiyo mikutano mifupi ya kila wiki inahitaji kuongezewa vipande virefu. Siku moja ya matembezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, ni saa nane, yaani sawa na mwezi mzima wa ile mikutano. Safari ya kulala nje usiku mmoja pamoja na watu mnaowafahamu nusu nusu huwatia watu hofu, lakini hakuna njia ya mkato inayoifikia.

Chagueni shughuli tatu: moja yako, moja yake, moja yenu wote. Ipimeni kila moja kwa maswali matatu. Inafanyika siku ileile kila wiki? Wanaokuja ni walewale? Kuna muda wa kuzubaa kabla au baada? Hilo la tatu ndilo husahaulika. Darasa la mazoezi ambalo watu huingia saa kumi na mbili kamili na kutoka saa moja kamili, wakikimbilia magari, linaweza kukupa afya nzuri na usipate hata rafiki mmoja. Kwaya ni kinyume chake: unasimama sauti ileile na watu walewale, mna mapumziko katikati ya zoezi, na mna onyesho la kuhofia pamoja.

Kwa anayeanza bila kumjua mtu, vikundi vyenye matawi nchi nyingi vina faida kwamba vimezoea wageni. Parkrun, iliyoanzia Bushy Park jijini London mwaka 2004, ni kilomita 5 za kukimbia au kutembea, bila malipo. Ukijiandikisha mara moja, msimbo wako wa mistari unatumika kila nchi yenye parkrun. Lakini ukikimbia tu na kuondoka utaambulia jasho. Jitolee kushika saa au kusoma misimbo ya wakimbiaji, kwa sababu wanaojitolea hubaki hadi mwisho na huwa ni walewale. Hash House Harriers, kikundi cha mbio, iliasisiwa na wageni wa kazi huko Kuala Lumpur mwaka 1938: mmoja anatangulia akiweka alama za unga njiani, wengine wanamfuata. Baada ya mbio huwa kuna vinywaji, nyimbo na mzaha, na baadhi ya matawi mzaha wao ni mkali. Kama hamnywi au mna watoto, ulizeni mapema ni tawi la aina gani. Toastmasters, kikundi cha kujifunza kuzungumza mbele za watu kilichoanza California mwaka 1924, huruhusu mgeni kuhudhuria kabla ya kujiunga.

Kama wewe uko kwa viza ya mtegemezi, yaani inayotokana na kazi ya mwenzi wako, soma masharti yake kabla ya kujitolea kwenye taasisi yoyote. Kuna nchi ambako hata kazi isiyo na mshahara huhesabiwa kuwa kazi.

Ipeni kila shughuli wiki nane. Wengi huacha wiki ya tatu au ya nne, pale upya umekwisha na ukaribu haujaja. Kuanzia wiki ya tano, chagueni watu wawili au watatu muwatoe nje ya shughuli yenyewe. Hapa ndipo mambo mengi hufia, kwa sababu ya lile neno "tutafutane". Tutafutane haina siku wala saa. Andika hivi: "Jumamosi tarehe 14 tunakwenda kutembea kando ya mto, saa tatu hadi saa sita. Mtakuja?" Mnakwenda hata wasipokuja, kwa hiyo hakuna anayebebeshwa deni.

Na jibu lisomeni vizuri. "Hatuwezi, vipi wiki ijayo?" ni ndiyo. "Hatuwezi, asante" mara moja haina maana yoyote, watu wana mambo yao. Ikija mara mbili mfululizo, kaeni wiki sita ndipo mjaribu tena. Ya tatu ikiwa hivyohivyo, mpira uko kwao, nanyi geukieni wengine bila kinyongo.

SWALI: Mke wangu ni mchangamfu. Mimi nikikaa na watu saa moja na nusu nimemaliza. Yeye anataka tubaki hadi mwisho, na tukirudi tunagombana ndani ya gari. Nifanye nini?
*Mume mkimya*

JIBU: Ndugu, ugomvi wa kwenye gari unapaswa kumalizwa kabla ya kuondoka nyumbani. Kubalianeni mambo mawili mkiwa bado mnavaa viatu: saa ya kuondoka, na nani anarudi kwa usafiri gani. Kama kuna basi, teksi au rafiki wa kumrudisha mkeo, ondoka wewe saa yako naye abaki. Aga waziwazi, "mimi natangulia, yeye yupo". Usisingizie kichwa kuuma, maana mwezi wa tatu watakuwa wanakuuliza habari za kichwa chako.

Pili, tafuta kazi ya kufanya pale mlipoalikwa: kuosha vyombo, kuchoma, kucheza na watoto. Mkimya mwenye kazi mkononi huzungumza na mtu mmoja mmoja anayekuja kusaidia, na hayo ndiyo mazungumzo anayoyaweza. Kwa wiki, mitoko miwili inatosha, na mmoja kati ya hiyo mkeo aende peke yake. Naye mkeo tunamwomba jambo moja: asiufanye ukimya wako kuwa kichekesho mezani. Watu wakishakupa jina la "bwana asiyeongea" watakoma kukuongelesha.

SWALI: Tumepata familia moja nzuri sana. Mimi na mama wa pale tumeelewana siku ya kwanza, lakini waume zetu wakikaa pamoja ni kimya kitupu. Tuendelee kulazimisha?
*Nusu ya wanne*

JIBU: Hapana. Watu wanne wana jozi sita za mahusiano. Mbili ni ndoa zenyewe, zinabaki nne ambazo zote zinasubiriwa zikubaliane kwa mpigo. Ni nadra sana. Onaneni ninyi wawili kila wiki, na waume muwakutanishe mara moja kwa miezi miwili kwenye jambo lenye shughuli yake, kama mechi, mchezo wa mezani au kupanda mlima, si kwenye chakula cha jioni ambako hakuna pa kuficha macho. Jozi mbili kati ya nne zikifanya kazi, mmebahatika.

SWALI: Tunataka kukaribisha watu nyumbani kwa mara ya kwanza. Hatuna meza kubwa, na mara iliyopita waliondoka mapema, tukahisi hawakufurahi.
*Wenyeji wapya*

JIBU: Meza kubwa haihitajiki. Robin Dunbar, mtaalamu wa tabia za binadamu, aliona kwamba mazungumzo ya kawaida hushikilia watu wanne hivi, na wakizidi hugawanyika. Kwa hiyo karibisheni ama mke na mume, muwe wanne wenye mazungumzo mamoja, au wageni wanne, muwe sita wenye mazungumzo mawili. Watano ndio wagumu, mmoja hujikuta anasikiliza huku na huku asipate pa kuingilia.

Mwaliko upelekwe siku 10 kabla, ukumbusho siku mbili kabla. Andikeni saa ya kuanza na ya kumaliza: saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni ni nzuri kwa mara ya kwanza, kwa kuwa haidai mlo kamili na mgeni anajua lini anaruhusiwa kuondoka. Ulizeni mapema wasichokula na wasichokunywa, na kama watoto wanakuja. Semeni pia kama viatu vinavuliwa mlangoni. Andaeni vitu vinavyoliwa bila moto, ili mmoja wenu asije akaishia jikoni. Mwenyeji aliyejifungia jikoni ndicho chanzo kikubwa cha wageni kuondoka mapema, maana wanaona wanamchosha. Mgeni akiuliza alete nini, mpe kazi: barafu, matunda, viti viwili. Aliyeleta kiti hana budi kurudi kukichukua. Muziki uwe chini kiasi kwamba anayeongea lugha isiyo yake asilazimike kupaza sauti.

Kuhusu hisia zenu kwamba hawakufurahi, msiziamini sana. Utafiti wa Erica Boothby na wenzake wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa watu wakimaliza kuzungumza na mtu wasiyemjua hukadiria kwamba wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Tumeni ujumbe ndani ya siku mbili, mkitaja jambo moja mlilozungumza, kisha pendekezeni tarehe.

SWALI: Mume wangu anaijua lugha ya hapa, mimi bado. Kila tukikaa na watu ananitafsiria, halafu wanamgeukia yeye tu.
*Mwanafunzi wa lugha*

JIBU: Mkalimani akiwepo, macho yote humwendea mkalimani. Kaeni mbali, ikiwezekana pande tofauti za meza, na mumeo asitafsiri mpaka umtazame. Tena jipunguzie mzigo: mazungumzo ya watu sita kwenye mgahawa wenye kelele ni mtihani mgumu hata kwa aliyesoma lugha miaka mitatu, kwa sababu watu wanakatishana na mada zinaruka. Mazungumzo ya watu wawili wanaotembea bega kwa bega ni mepesi zaidi. Ukimya hapo haumkeri mtu, na vya kuzungumzia vinapita mbele yenu. Tayarisha maswali 10 unayoweza kuyauliza bila kufikiri na, muhimu kuliko maswali, sentensi tatu za kuokoa: "rudia polepole", "neno hilo ni nini?", "endelea, nakusikiliza".

Darasa la lugha nenda peke yako. Wanafunzi wenzako nao ni wapya mjini, na mnakutana mara mbili kwa wiki.

SWALI: Tunatafuta nyumba. Je, mahali tunapoishi panahusika na marafiki?
*Wapangaji*

JIBU: Sana. Utafiti wa Festinger, Schachter na Back uliotoka mwaka 1950, uliofanywa kwenye nyumba za wanafunzi wenye familia wa chuo cha MIT huko Marekani, ulionyesha kuwa watu huwa marafiki zaidi na wa mlango wa jirani kuliko wa milango michache mbele, na walio karibu na ngazi hufahamiana zaidi na wa ghorofa ya juu. Kati ya nyumba mbili zinazolingana, chukueni ile ambayo mtu anaweza kufika kwa miguu dakika 15 kutoka kwenye zile shughuli zenu. Bwawa la kuogelea peke yenu halitawaletea mtu.

SWALI: Marafiki zetu wote ni wageni kama sisi. Kila mwaka nusu yao wanahama, tumechoka kuaga.
*Waliobaki*

JIBU: Msiache wageni wenzenu, hao ndio wanaokuja saa nane usiku mtoto akiugua, kwa sababu nao hawana ndugu karibu. Ila hakikisheni angalau theluthi moja ya mnaowatembelea ni wenyeji au watu waliojenga maisha huko. Wenyeji huwa wagumu mwanzoni, si kwa chuki, bali wana ndugu na marafiki wa shuleni wa kuwajazia ratiba. Huingilika kwa upande wa mambo ya kufanya: bustani, timu, kamati ya shule. Na wageni wapya waulizeni bila haya mkataba wao unaisha lini.

Rafiki akitangaza kuondoka, mwombeni kitu kimoja wiki sita kabla: awakutanishe ana kwa ana na watu wake wawili ambao ninyi hamwajui. Wiki ya mwisho atakuwa kwenye masanduku, hatakuwa na nafasi.