Dakika arobaini Jeevanjee

SWALI: Shangazi, pokea salamu zangu. Nauza vitambaa katika duka moja Biashara Street, Nairobi. Nasimama tangu saa mbili asubuhi. Mapumziko yangu ni dakika 40, nazo huishia stoo, nikila nimekalia majora. Juzi nilijaribu bustani ya Jeevanjee. Mhubiri akanimwagia spika sikioni, halafu kijana mmoja akaja kunibana kwenye benchi akitaka namba yangu. Nilirudi kazini kichwa kinanigonga. Mwenzangu asema pale ni pa watu wasio na kazi, heri niende Uhuru Park. Nifanyeje?
Mchovu wa Majora

JIBU: Mwanangu, Uhuru Park ni pazuri, ila kwa dakika 40 utafika, utazame nyasi, ugeuke. Jeevanjee na duka lako ni pua na mdomo. Usiisuse kwa siku moja mbaya.

Nilipiga chapa ofisini Moi Avenue kwa miaka 19, na chakula changu cha mchana nilikilia pale. Nakwambia kosa lako lilikuwa saa. Kati ya saa saba na saa nane ofisi zote zinamwaga watu, na mhubiri huwafuata watu kama mvuvi afuatavyo samaki. Mwombe tajiri wako utoke saa nane. Utakuta benchi lenye kivuli, na makaratasi ya njugu waliyoacha wenzio.

Kisha, hiyo miguu. Ukivua viatu kwenye benchi, watu watakukodolea macho. Ukivua kwa mng'arisha viatu, wewe ni mteja. Wangu alikuwa akinisukumia ndara kuukuu, moja ya bluu, nyingine imeshonwa kwa waya, nami nanyoosha vidole hadi vilie. Yeye huku ameviringisha kitambaa kwenye vidole viwili, anachovya kiwi kidogo tu, anazungusha, anatema pumzi juu ya ngozi, anazungusha tena. Sikumharakisha hata siku moja. Viatu vyangu viling'arishwa mara nyingi kuliko vilivyohitaji, lakini hilo lilikuwa siri yangu.

Kuhusu "watu wasio na kazi", mwambie mwenzako bustani ile ilitolewa kwa ajili yao hasa. Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, yule aliyeleta vibarua kutoka India wa kujenga reli, aliutoa uwanja ule mwaka 1906 uwe wa wananchi wa kawaida. Akaweka na sanamu ya Malkia Victoria, ambayo mwaka 2015 watu waliikata kichwa. Mimi huyo malkia sikumlilia. Nililia, tena kwa hasira, mwaka 1991, wakubwa walipotaka kutugeuzia bustani kuwa maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alisimama kuupinga mpango huo, na Wangari Maathai akawa upande wake. Hadi leo ni miti.

Ukichoka na Injili, tafuta lile duara la wanaume wanaobishana kuhusu bei ya unga na serikali. Hao ni Bunge la Mwananchi. Hakuna mshahara wala posho, na wanasikilizana kuliko lile bunge lingine. Simama nyuma, sikiliza hoja mbili, nenda zako. Mimi nilikuwa nikirudi kwenye mashine yangu na cha kufikiria mpaka jioni.

Chakula beba chako, au ununue yai la kuchemsha lenye kachumbari. Mwambie muuzaji pilipili iwe kidogo, maana wao mkono wao hauna breki. Mkoba uwe mapajani, kamba imepita mkononi. Simu usiitoe ovyo.

Oktoba mijakaranda ikichanua, ndipo utanikumbuka. Maua hukudondokea kwenye sahani.

Ama kijana wa namba ya simu, mwambie unamsubiri shangazi yako. Jumanne hutakuwa umedanganya. Siku hizo huja mjini kuchukua dawa ya presha, na nikitoka huko hukaa upande wa Muindi Mbingu Street, nimejifunga leso ya manjano, miguu nje ya viatu.