Usinitajie Namba ya Kiatu, Niletee Mguu

Jumamosi iliyopita, saa tano usiku, mama mmoja mstaafu niliyemshonea viatu alinipigia simu kutoka kwenye send-off ya binti yake. Muziki ulikuwa juu, akapaza sauti: "Mwanangu, bado nimevaa viatu vyako!" Mama huyu ana fundo kubwa kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Kila sherehe alikuwa anabeba kandambili kwenye mkoba. Nilifurahi mpaka usingizi ukaruka.

Nikisimulia hivi, watu huniuliza nilimpimaje. Nitasema, ila nianze na jeraha langu.

Mwaka 2016, kibandani kwangu Mwanza, bwana harusi mmoja aliniamini. Nilimpima asubuhi, ameketi, mguu mmoja, urefu tu. Sentimita 26 na nusu. Nikaongeza moja na nusu ya kupumulia vidole, nikapata 28, kalibu, yaani umbo la mguu ninaloshonea kiatu juu yake, ya namba 42 kamili, maana kila namba ni theluthi mbili za sentimita. Viatu vikang'aa. Kabla keki haijakatwa, bwana harusi alikuwa na soksi tu. Jumatatu kaka yake akaviweka juu ya meza yangu mbele ya wateja watatu, akaondoka bila neno. Hakudai hata hela. Afadhali angenitukana.

Hesabu ilikuwa sawa. Ila mguu uliobeba mwili hutanuka, jioni huvimba, na wa kushoto, ambao sikuugusa, ulikuwa mnene kuliko wa kulia.

Siku hizi nampima mtu jioni, amesimama, miguu yote miwili. Nachora wayo kwenye karatasi ngumu, penseli wima. Ukiilaza inaingia chini ya mguu na kukuibia milimita. Kisha futikamba: nazungusha penye mafundo ya vidole, katikati panapobonyea, juu ya mgongo wa mguu, halafu kutoka kisigino kupita mbele ya kifundo.

Kwa yule mama, mzunguko wa penye mafundo ya vidole vya mguu wa kulia ulizidi wa kushoto kwa milimita 14. Duka gani litakuuzia jozi ya hivyo? Nilibandika vipande vya ngozi kwenye kalibu pale penye fundo, kimoja juu ya kingine, nikapiga msasa mpaka kidole changu kikapita bila kuhisi ukingo. Ndipo nikavuta juu yake ngozi laini ya mbuzi, mshono nikaupitisha mbali na fundo.

Vijana mnaojifunza ufundi huu, acheni kuuliza namba. Pimeni. Mteja ana haraka? Arudi jioni. Anaona aibu kuvua soksi? Mletee beseni la maji anawe, kisha piga goti umpime. Mtu amekukabidhi mwili wake, nawe unamkadiria kwa macho! Pimeni miguu yote miwili, jamani.

Kalibu za yule mama nimezifunga kamba, ziko rafuni. Jana ameagiza jozi nyingine, nyeusi, ya kwendea kanisani.