Kabla Hujaomba Kujitolea Nyumba Salama, Soma Hapa

Juzi nimepokea ujumbe kwa binti mmoja wa Mwanza. "Dada shikamoo. Nimemaliza chuo, nipo tu nyumbani. Naomba koneksheni ya kujitolea kwenye ile nyumba ya mabinti kule Tarime msimu ukifika. Nina simu nzuri ya picha, naweza hata kuwafungulia ukurasa."

Marahaba mdogo wangu. Hiyo simu ndiyo kitu cha kwanza utakachoambiwa uache ofisini.

Namjibu hapa kwa sababu wanaouliza hivi ni wengi, na wengi wana moyo mzuri kabisa. Shida ni kwamba moyo mzuri ndio unaoleta kizaazaa kule, maana mwenye nia mbaya hukaguliwa, mwenye moyo mzuri anapita tu.

Kwa wasiojua, nyumba salama hupokea mabinti wanaokimbia kukeketwa, na Wakurya wa mkoa wa Mara hawakeketi kila mwaka. Koo nyingi hufanya Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, shule zikiwa zimefungwa, baada ya wazee wa mila, inchama, kutoa ruhusa. Ndiyo maana nyumba salama iliyokuwa na wasichana wachache Oktoba, Desemba inalaza watu mpaka bwaloni. Sheria ipo. Tangu mwaka 1998 anayemkeketa binti wa chini ya miaka 18 anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo, utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 10 ya wanawake nchini wamekeketwa, na kwa Mara ikawa asilimia 32. Kule binti akishakeketwa huonwa tayari kuolewa, na baba akishaanza kuhesabu ng'ombe wa mahari, kifungu cha sheria kinakuwa mbali sana. Binti anajikimbilia mwenyewe, usiku, mwingine bila viatu.

Mimi nilienda nikiwa mwalimu ninayesubiri ajira, kama nusu ya walimu wa nchi hii. Nikapanda basi, Lamadi, Bunda, daraja la Kirumi, nikiwa na maandalio ya masomo kwenye begi na chaki zangu mwenyewe. Nilijiona naenda kufungua darasa. Matroni alinipokea vizuri, akanipa karatasi za masharti nisome na nisaini, kisha akanipeleka jikoni nikachambue dagaa.

Niseme ukweli, niliumia. Diploma yangu na dagaa! Nikakaa kwenye kigoda, sinia mapajani, natoa mawe na vijiti, pembeni yangu binti wa kama miaka kumi na mitatu anafanya hivyo hivyo bila kunena. Tulifika karibu nusu ya sinia ndipo akauliza, "Mwalimu, wewe kwenu walitoa ng'ombe wangapi?" Nikamwambia sijaolewa. Akanitazama juu mpaka chini, akaangua kicheko mpaka dagaa wakamwagika. "Mkubwa hivyo!" Tukaokota dagaa. Baada ya hapo akaongea mpaka maji ya ugali yakachemka: shule yao, mbuzi wao, mdogo wake anayenyonya kidole. Ya kwa nini alikimbia hakugusa, na mimi sikugusa.

Hilo lilikuwa sharti la kwanza kwenye karatasi: humuulizi binti kilichomleta. Ameshamsimulia afisa ustawi wa jamii, na mara nyingi ameshamsimulia askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Kila mgeni mwenye huruma akitaka kusikia tena, anarudishwa kule kule alikotoka. Akikwambia mwenyewe, sikiliza, usishike kichwa, usipige mayowe. Ikiwa kuna hatari ndani yake, mwambie matroni siku hiyo hiyo. Usimwahidi kwamba itakuwa siri yenu wawili, maana siri hiyo hutaweza kuitunza na hupaswi kuitunza.

Sharti la pili ni simu. La tatu ni simu. Mnisamehe, lakini ndilo lililonigharimu.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mchangamfu, anaimba, watoto wanampenda. Yeye aliona sharti la simu ni la washamba. Jumapili moja akajipiga picha uani, kajipinda vizuri, kaweka stetasi. Nyuma yake kamba ya nguo, na chini ya kamba wasichana wawili wanafua. Nyuso zinaonekana vizuri kuliko yake. Mimi niliiona jioni nilipopewa simu yangu. Nikaenda moja kwa moja kwa matroni. Stetasi ikafutwa, lakini kesho yake mchana mtu alishapiga simu akimtaja mmoja wa wale wasichana kwa jina na kwa gauni alilovaa. Huko kwao walikuwa wanaamini amevuka Sirari, yuko upande wa Kenya kwa shangazi. Ikabidi ahamishwe usiku, yeye na kifuko chake cha rambo, akaanze upya kuzoea watu.

Basi mnajua aliyelaumiwa ni nani? Mimi. Mnoko. Mchawi wa maendeleo ya wenzake. Kwenye grupu la wanaojitolea niliondolewa bila hata kuagwa, na kuna watu niliolala nao chumba kimoja ambao hadi leo tukikutana stendi wanageukia upande wa pili. Sawa. Yule mwenzetu alirudishwa kwao na akaagwa kwa soda. Mimi nikabaki mpaka msimu ulipoisha, na msimu uliofuata nikaitwa tena, na sasa hivi wageni wakija mimi ndiye ninayewasomea masharti. Sisemi kwa kujisifu. Haya, najisifu kidogo.

Zawadi nazo. Utamhurumia mmoja, utamnunulia vibanio vya nywele. Usiku mabweni yote yanajua, na kesho yupo anayelia kwamba yeye hapendwi. Zawadi inapitia ofisini, inagawiwa kwa wote au haigawiwi. Kuna kikundi kilikuja na sukari na sabuni za kutosha, kikaambiwa kipige picha na viongozi tu, si na mabinti, kikapakia mizigo yake kikaondoka nayo. Mpaka leo najiuliza ile sukari ilikuwa ya nani.

Ahadi ni mbaya kuliko zawadi. "Nitakusomesha." Neno hilo mtu analitoa kwa machozi siku ya kuondoka, akifika Mwanza anabanwa na maisha yake, halafu binti anahesabu miezi. Usitoe ahadi, usitoe namba yako, usimwambie karibu kwangu. Kama una uwezo wa kusomesha, nenda ofisini, zungumza na watu wazima wenzako.

Usikae na mtoto chumbani mlango umefungwa, hata kama ni somo la hisabati, hata kama wewe ni mwanamke. Watu hukasirikia sharti hili wakidhani wanashukiwa. Hushukiwi wewe binafsi. Ila yule wa kushukiwa naye huja na cheti, tabasamu na Biblia, sasa atatofautishwaje?

Na getini. Wazazi huja. Wapo wanaokuja na vurugu, lakini ninaowaogopa ni wapole. Mzee mmoja alikuja na gauni jipya kwenye gazeti, ananiambia, "Mwanangu, sitaki kumwona, niambie tu yupo nirudi nikamwambie mama yake alale." Koo lilinikaba. Lakini "yupo" ni taarifa, na hata "hayupo" ni taarifa. Nikasema, "Shikamoo mzee, karibu kivulini, namwita mhusika." Basi. Kuzungumza na wazazi kuna watu wake: afisa ustawi, polisi, uongozi wa kijiji. Msimu ukipita wanakaa nao, wanaandikishiana kwamba binti akirudi hatakeketwa, na baadaye wanafuatilia. Wengine hukataa kusaini, na binti wao hubaki. Wewe wa kujitolea kazi yako siku hiyo ni kufunga mabegi na kuhakikisha kila mtu ana kandambili zake mwenyewe.

Ndugu zangu, tujiulize tunachokifuata kule. Kama unakwenda ili upate cha kusimulia, kaa nyumbani, utafute kazi ya redio. Mungu anaona dagaa ulizochambua. Mama yako hatoziona, waliokufuata mtandaoni hawatoziona, na usipoweza kuvumilia hilo utavunja sharti moja tu dogo, na atakayelilipia ni mtoto.

Sasa mdogo wangu, koneksheni sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Andika barua, eleza unachoweza kufanya kwa mikono, ambatisha barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili, upitie ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Omba kukaa msimu mzima, maana anayekuja siku nne anawachosha tu. Na kama kuna binti unayemjua yuko hatarini leo, usisubiri barua ijibiwe. Piga 116, ni bure, au nenda kituo cha polisi uulizie dawati la jinsia. Ukikubaliwa, beba koti. Tarime usiku kuna baridi, na mablanketi ya pale si yetu sisi.