Rangi iliyobaki baada ya kupaka nyumba: wala usihangaikie pa kuimwaga

Mkuu, umesema umebakiwa na nusu ndoo ya rangi ya maji, makopo mawili ya rangi ya mafuta na tina kidogo (ile ya kuzimulia rangi ya mafuta na kuoshea brashi), fundi kashaondoka, unauliza umwage wapi. Usimwage popote. Mimi nilipomaliza nyumba yangu Kimara nilikosea karibu kila hatua, kwa hiyo nisikilize.

Rangi ya maji haina taabu. Ukiikoroga ikalainika na hainuki, ni nzima, gawa. Niliwauliza madrasa ya mtaani, wakaja na toroli jioni ileile. Ukuta wao wa nyuma mpaka leo una rangi ya sebule yangu. Iliyovunda nilichanganya na vumbi la mbao la bure kutoka kwa seremala, mchanga na saruji kidogo, mpaka ikasimama kama ugali. Nikaitandaza nyembamba juu ya nailoni juani. Ukiiacha ndani ya ndoo, juu itashika ngozi na chini itabaki uji wiki nzima. Ikikauka kabisa, inakwenda na gari la taka.

Ya mafuta ndiyo yenye mambo. Chooni hapana, wadudu wanaoozesha uchafu shimoni watakufa. Na ukimwaga uani, inazama kuelekea kisima cha jirani. Kama bado nzima itunze: weka nailoni chini ya kifuniko, gonga kwa nyundo pande zote, pindua kopo kichwa chini. Geti likianza kutu utanishukuru. Tina chafu nayo iache itulie kwenye kopo la bati lililofungwa, siku mbili tatu hivi. Rangi itatuama, ya juu utaoshea brashi tena. Ila isiwe chupa ya maji ya kunywa, watoto tunawajua.

Sasa hujauliza kuhusu vitambaa, na mimi hapo ndipo nilipotaka kuunguza nyumba. Tulifutia vanishi ya milango, nikavisokomeza vyote kwenye kiroba na kukitupa stoo. Saa tisa mchana mke wangu ananiita, "Baba nanihii, mbona stoo inanuka kuungua?" Nimeshika kiroba, cha moto! Hakuna kiberiti wala umeme pale. Mafuta ya vanishi na ya rangi hukauka kwa kuvuta hewa, na yakivuta hewa yanatoa joto. Vitambaa vikirundikana joto halina pa kutokea, linapanda mpaka moshi. Vianike kimoja kimoja nje, kwenye waya, mbali na ukuta, vikakamae ndipo uvitupe. Au viloweke kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Makopo matupu wape wa vyuma chakavu, vifuniko vikiwa wazi. Usiyachome yakiwa yamefungwa, yanalipuka. Ile ndoo ya lita 20 najua mama watoto kashaitolea macho: ya kudekia sawa, ya maji ya kunywa mkatalie.