Jibu: Siku mbili Unguja wiki ya ZIFF (tamasha la filamu la Zanzibar), mijadala au matembezi?
Ndugu, kwa hizo siku mbili ulizosema, fanya vyote ila fuata jua. Asubuhi na mapema tembea Mji Mkongwe na mwongoza watalii mwenyeji. Anzia Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Hapo usiharakishe: shuka vile vyumba vya chini vinavyosemekana walifungiwa watumwa, kisha usome maonyesho yote. Hamamni, penye bafu za kale za umma, ni jirani, dakika chache zinatosha. Beit el Ajaib, jumba la kale la sultani, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, hivyo usiipangie muda. Joto likipanda, ingia kwenye mijadala ya tamasha na uulize maswali (wageni wengi hunyamaza tu, sijui wanaogopa nini). Usiku ni filamu Ngome Kongwe, ukumbi hauna paa, beba mtandio.