Mpangaji ndiye anayechagua mtaa: kwa mnaoanza kununua nyumba za kupangisha Dar

Kiwanja changu cha kwanza nilioneshwa mwezi wa tisa, upande wa Boko. Jua kali, nyasi za viwanja vya jirani zimekauka hadi zinavunjika ukizikanyaga. Za kwangu zilikuwa mbichi, ndefu, na pembeni kulikuwa na matete machache. Dalali akaniambia, "Kaka, ardhi hii ina rutuba, hata mchicha utalima." Nikacheka, nikatoa kishika uchumba, yaani malipo ya mwanzo, siku hiyohiyo.

Masika ya kwanza baada ya kumaliza kujenga, nilisimama kwenye sebule ya mpangaji wangu nimekunja suruali hadi magotini, chemba ya choo imefumuka, ndala za watoto zinaelea. Wapangaji wote watatu walihama kabla mvua hazijaisha. Mmoja alikuwa amelipa miezi sita, nikamrudishia minne. Alikuwa na haki yake.

Naandika haya kwa ninyi mnaoanza. Kuna waliopata kiinua mgongo, kuna waliouza shamba la urithi, na kuna mlioko Muscat na Dubai mnaotuma kidogokidogo kwa ndugu. Swali lenu ni lilelile: "Dar sasa hivi eneo gani liko juu?" Mimi nililiuliza pia. Shida yake ni kwamba linamhusu muuzaji wa viwanja. Wewe unataka nyumba ya kupangisha, na hutaishi humo. Atakayekaa ni mtu mwingine mwenye mshahara wake, nauli yake na watoto wake wa shule, na yeye hajali kabisa kama eneo "linakuja juu".

Kwa hiyo anza na mpangaji kwanza, mtaa utafuata. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu anayeishi Msewe au Changanyikeni anataka chumba kimoja, umeme wake mwenyewe, na njia ya kutembea kwa miguu. Likizo ndefu ikifika anaondoka, nawe jiandae chumba kukaa kitupu. Muuguzi wa hospitali ya Mloganzila anaingia zamu ya usiku, kwa hiyo Kibamba na Kwembe zina maana kwake kuliko Sinza yenye raha zote. Mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo anaweza kukaa Mbagala, Buguruni au Kimara, ilimradi afike dukani asubuhi na arudi usiku bila kubadilisha magari matatu. Chagua mmoja kati ya hao, umjue vizuri. Mimi niliposema nitajenga "ya watu wote" nilijenga nyumba ambayo wenye hela waliiona ndogo na wasio na hela waliiona ghali.

Kisha hesabu nauli yake, na hapa ndipo wengi mnapitiwa. Dalali atakwambia nyumba ipo "dakika tano kutoka lami". Dakika tano za pikipiki. Chukua bodaboda mwenyewe ukaone. Tuseme ni shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni 52,000 kwa mwezi, kabla hajapanda daladala wala mwendokasi. Ukimpangisha chumba na sebule kwa 130,000, kwake yeye ni 182,000. Jirani mwenye nyumba mbaya kuliko yako, lakini iko hatua mia mbili kutoka kituoni, atadai 170,000 na atapata mtu kabla yako. Nimeliona hili Goba, nimeliona Kivule, nimeliona Chanika. Na mvua ikinyesha bodaboda anapandisha bei au anakataa kabisa kuingia.

Zoezi ninalowapa vijana wangu ni hili. Nenda kituo cha mtaa unaoutaka saa kumi na moja alfajiri, siku ya Jumatatu. Nunua chai na chapati kwa mama anayeuza pale, kaa kwenye benchi lake, tazama tu. Watu wanatokea upande gani? Wamevaa sare za nini? Viatu vyao vina tope au vumbi, au wameshika viatu mkononi na kandambili miguuni? Mama huyo anajua nani kahama na kwa nini kuliko dalali yeyote. Ukimaliza chai, ingia mitaani uhesabu vibao vya "chumba kinapangishwa". Vikiwa vingi kwenye nyumba mpya nzuri, mtaa huo una nyumba kuliko watu. Kisha pita kwa mangi mwenye duka, muulize watu wananunua unga kwa kilo au kwa robo, na madeni wanalipa tarehe ngapi. Ataona swali lako la ajabu, lakini jibu lake litakupa picha ya kodi unayoweza kudai.

Maji yana mambo mawili, yanayotoka bombani na yanayotoka juu. La kwanza ni jepesi: uliza kama bomba la DAWASA limefika na linatoka siku ngapi kwa wiki, maana kisima cha maji ya chumvi kinaharibu mabomba na kinafukuza wapangaji wenye watoto wachanga.

La pili ndilo lililonitia hasara, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Dar ni mji wa mabonde. Msimbazi linapita katikati yake, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu bondeni hadi serikali ikawapeleka Mabwepande. Usinunue kabla hujauona mtaa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Kama huwezi kusubiri, soma alama. Tazama kuta za nyumba za zamani kwa chini, kuna mstari wa tope usiofutika hata wakipaka rangi. Tazama vizingiti: mlango uliojengewa matofali mawili mbele yake haukuwekewa urembo. Viroba vya mchanga pembeni ya geti, msingi wa mawe mrefu kuliko kawaida, matete, nyasi mbichi wakati wa kiangazi. Na usikilize jina la mahali. Wazee wetu hawakutoa majina hovyo. Mtaa ukiitwa Bondeni, umeshaambiwa. Tabata Kisiwani, kisiwa cha nini kama hakuna maji? Mchikichini, na michikichi inapenda kuota wapi? Sisemi kila nyumba huko inafurika. Nasema uliza maswali zaidi ukisikia majina hayo.

Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na ufukwe wa bahari. Pima kwa hatua mwenyewe. Dalali atakwambia "wote wamejenga". Wote hao hawatakulipa siku nyumba yako ikichorwa X nyekundu ya kubomolewa.

Kuhusu X, wale wa Barabara ya Morogoro wanaweza kuwasimulia. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kuanzia Kimara kwenda Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara, kwa sababu hifadhi yake pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Humo kulikuwa na maghorofa, makanisa, fremu zilizokuwa zimejaa wapangaji. Mtu aliyenunua "kabisa barabarani" aliona amepata dhahabu. Leo, aliyejenga mtaa wa tatu au wa nne nyuma ya barabara ileile iliyopanuliwa ndiye anayekula vizuri.

Hiyo inanileta kwenye kitu kinachowala wageni kuliko kingine chochote: mradi unaokuja. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya Kigamboni, na wenye ardhi wakazuiwa kujenga na kuuza kwa miaka. Watu walikuwa wamenunua kwa matumaini, wakabaki na viwanja vya kutazama. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa 2016 kweli hali ilibadilika, lakini aliyepata faida nzuri mara nyingi alikuwa mwenye nyumba tayari, si aliyenunua kiwanja wiki ya uzinduzi kwa bei ya uzinduzi. Upande wa pili, mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalihama Ubungo kwenda kituo cha Mbezi Luis. Jamaa yangu alikuwa na vyumba vya wageni karibu na stendi ya zamani. Alikuwa hajakosea kitu chochote, ila wateja wake walihama na mabasi. Na tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma 2016, nyumba kadhaa ninazozijua Mikocheni na Msasani zilikaa wazi kwa muda mrefu hadi wenye nyumba wakashusha bei.

Sasa wanauza "karibu na SGR", ile reli mpya ya umeme. Treni ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro mwaka 2024, na ni kitu kizuri. Lakini jiulize: mpangaji wangu wa kila siku ataipanda kwenda kazini? Kama ni ya safari za mkoani, kuwa karibu na reli kutakupa honi usiku, basi. Sheria yangu ni kulipia kilichopo leo. Mradi ukija, uwe zawadi.

Karatasi nitazipitia haraka kwa sababu hapa hakuna ubishi. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya pesa yoyote kubwa, tafuta bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, kwa macho yako ukiwa na mpima wako mwenyewe, soma hati imebakiza miaka mingapi kati ya 33, 66 au 99, na hakikisha mwenza wa muuzaji amesaini. Mauzo ya mkataba wa serikali ya mtaa pekee, bila hati, nimewahi kuyafanya, na nililala vibaya mwaka mzima. Mlioko nje ambao mmeshachukua uraia wa huko, zungumzeni na wakili kwanza: Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji.

Hesabu ya kodi nayo ifanye ukiwa umekunja uso. Tuseme nyumba ya vyumba vinne, kila kimoja na sebule yake, imekugharimu milioni 60 hadi kumaliza. Ukipangisha kila kimoja 150,000, kwa mwaka ni milioni 7.2. Watu husimama hapo wanashangilia asilimia 12. Toa mwezi mmoja wa kila chumba kukaa wazi, zimebaki milioni 6.6. Toa kodi ya zuio ya pango, ile ya serikali, asilimia 10. Toa kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme wa LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Toa rangi, koki, gari la kunyonya choo, na yule kijana anayekuangalizia nyumba. Ukibaki na milioni tano umefanya vizuri. Mtaa ambao hesabu yake inatoka tu ukidhani vyumba vyote vitajaa miezi 12, uache.

Wengine mtaniuliza kuhusu mkoa wa Pwani, kwa sababu bei za Dar zimewakimbiza. Si wazo baya. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa huo na watu milioni 1.1 hivi, ya 2022 ikakuta milioni mbili. Kibaha na Mkuranga zinajaa. Ila wengi wao wamejenga zao. Mtu aliyehamia Mkuranga kwa sababu kiwanja ni rahisi hatafuti chumba chako. Tafuta penye kiwanda, chuo au hospitali, uhesabu sare zinazotoka getini jioni, kisha ndiyo uulize bei.

Mimi mwenyewe hivi sasa nina kiwanja ninachokitamani upande wa Msakuzi, ndani kidogo kutoka Mbezi Luis. Muuzaji ananipigia kila Ijumaa, anasema kuna mteja mwingine yuko njiani. Nimemwambia nitakuja mwezi wa nne, na mabuti yangu ya mvua.