Usiandike "kimejengwa kwa machaguo mepesi": yalinikuta Dodoma

Mleta mada, umeuliza uyaelezeje machaguo ya ujenzi, yaani unachoweka au kuondoa unapoitengeneza programu, kwenye kifurushi chako cha OpenSSL (programu ya kufunga data kwa siri). Usithubutu kukisambaza kwenye kompyuta za chuo chenu kikiwa na maelezo ya mstari mmoja kwamba "kimejengwa kwa machaguo mepesi". Sentensi hiyohiyo niliwahi kuiandika mimi, nikajiona bingwa.

Nilikuwa nikitunza kompyuta za chama kidogo cha akiba cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo. Tulipohamia OpenSSL 3, iliyotoka mwaka 2021, niliijenga mwenyewe nikaongeza chaguo la "no-legacy", wala sikulieleza popote, kwa sababu mkufunzi mmoja aliyetufundisha siku mbili hapa mjini alisisitiza kwamba machaguo ya ujenzi ni mambo ya jikoni na mtumiaji hana haja nayo. Yeye alilipwa posho, mimi nikalipwa lawama. Chaguo hilo huondoa moduli (kipande cha programu) inayobeba algorithimu za zamani, yaani njia za kufunga data kwa siri, kama Blowfish, RC2 na RC4. Nafasi niliyookoa haikufika megabaiti moja, na bakapu (nakala za akiba) zote za zamani za chama zilikuwa zimefungwa kwa Blowfish.

Siku karani alipohitaji salio la miaka ya nyuma, faili lilikataa kufunguka. Skripti yangu ya kufungulia mafaili, kwa ujuaji wangu, ilimeza ujumbe halisi wa kosa na kuonyesha "nenosiri si sahihi" kwa hitilafu ya aina yoyote. Mama wa watu akajaribu kila nenosiri alilowahi kulitumia, akasoma maelezo ya kifurushi, akakuta neno "mepesi", akaamini kwamba faili limeharibika. Makarani wawili wakaanza kuingiza upya kumbukumbu zote kutoka kwenye madaftari. Niliporudi kutoka Singida walikuwa katika wiki ya tatu. Nikajenga upya bila chaguo lile, nikaiita moduli ya zamani kwenye amri, faili likafunguka kwa sekunde chache. Hakuna aliyenipongeza.

Kwa hiyo kila chaguo lieleze kwa kile ambacho mtumiaji hataweza tena kukifanya. Usiandike "no-legacy imetumika", andika: "Kifurushi hiki hakifungui mafaili yaliyofungwa kwa Blowfish, RC2 wala RC4, yakiwemo mafaili mengi ya zamani ya vyeti vya kidijitali ya aina ya .p12. Ukiwa nayo, yafungue kwa toleo la awali na uyafunge upya kwa AES, algorithimu ya kisasa, kabla ya kuhama." Maelezo hayo yaonekane kabla mtu hajakubali kusakinisha, kwa kuwa faili la README, yaani la maelezo linaloambatana na programu, halisomwi na mtu yeyote ila aliyeliandika, na huyo naye husoma mara moja tu.

Uliuliza pia kuhusu kusaini kifurushi na kuchagua kati ya deb na rpm (aina mbili za vifurushi vya Linux), wengine watakujibu. Mimi niambie jambo moja: bakapu za matokeo ya wanafunzi za kabla ya 2021 zilifungwa kwa algorithimu gani? Kama hujui, kamuulize aliyezifunga kabla hajastaafu.